Siku moja maishani mwangu: harusi ya Uyole ndani ya darktable

Saa 12:30 asubuhi baridi ya Julai bado imeishika Mwanjelwa, hapa Mbeya, na vidole ni vizito juu ya kibodi, lakini nimefungua studio mapema kwa sababu leo nataka kuhariri harusi nzima, kuanzia kadi ya kamera hadi picha ya kukabidhi, kwa darktable peke yake, programu ya kompyuta ya kuhariri picha. Kwa miaka kadhaa nimetumia Lightroom, programu ya Adobe iliyotoka mwaka 2007, na ubora wake siubishii. Ila hulipiwa kwa usajili, ilhali darktable, iliyoanza mwaka 2009, ni ya bure.

Harusi ilifungwa Jumamosi huko Uyole, nami nilirudi na picha ghafi (RAW, yaani ambazo kamera haijazichakata) 1,140, kila moja ikiwa na uzito wa megabaiti 27 hivi. Kabla ya kufungua programu yoyote ninazinakili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na kadi siifuti mpaka nihakikishe nakala zote mbili zinafunguka.

Saa 2:00 ninaanza kuchuja, na hapa ndipo programu hupimwa kwa haki, maana kazi ya harusi hula saa nyingi zaidi katika kuchagua kuliko katika kurembesha. Mwanzoni darktable ilinikatisha tamaa: kompyuta yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 tu, na kila picha ilichelewa kujitokeza. Nikaingia kwenye mipangilio na kuiamuru itumie ile picha ndogo ya JPEG ambayo kamera yenyewe huihifadhi ndani ya faili ghafi, na tangu hapo mwendo ukawa wa kuridhisha. Herufi R hukataa picha, na tarakimu 1 hadi 5 huipa nyota. Katika mzunguko wa kwanza ninakataa tu, waliofumba macho na zilizotikisika, kwa sababu anayekataa na kusifu kwa wakati mmoja huchoka upesi na kuanza kuonea picha za mwisho.

Saa 4:40 ninafika kwenye picha za nje ya kanisa, ambazo ndizo zilizonitia wasiwasi tangu Jumamosi. Bibi harusi ana ngozi nyeusi ya kupendeza, shela ni nyeupe kabisa, na jua lilikuwa la saa sita mchana. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali picha ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo ndiyo inayoniwezesha kuinua uso bila nyuzi za shela kuyeyuka. Kwa moduli iitwayo filmic, kifaa cha darktable cha kusawazisha mwanga mkali na kivuli, nilirudisha kingo za lesi nilizodhani zimepotea. Ngozi ya mtu siing'arishi hata nikiombwa. Kazi yangu ni kuuonyesha uso wake, wala si kuubadilisha. Nikisharidhika na picha moja, ninanakili hatua zake na kuzibandika kwenye nyingine 60 zilizopigwa katika mwanga ule ule, kisha ninarekebisha moja moja.

Saa 7:20 umeme unakatika, na kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri. Uliporudi baada ya saa moja na nusu niliifungua kwa hofu, lakini kazi yote ya asubuhi ilikuwapo, isipokuwa hatua chache za picha niliyokuwa nayo mkononi. Programu hii haigusi picha ya asili; huandika maelekezo ya uhariri katika faili dogo la .xmp linalokaa kando ya kila picha. Lightroom ya mezani nayo inaweza kuandika hivyo, ila kwa kawaida huweka maelekezo ndani ya katalogi moja, yaani faili moja la kumbukumbu za picha zote, mpaka uiagize vinginevyo.

Saa 10:15 mama wa bibi harusi anaingia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimepita tu nione.”

Anakaa, anazitazama zile za nje ya kanisa, anasema hiyo ndiyo rangi ya mwanawe hasa. Kisha anauliza: “Na mama yangu? Alicheza pale ukumbini, sijamwona.” Nilimkumbuka bibi yule, picha yake ilitikisika, nami niliikataa asubuhi. Kukataa hakufuti, kwa hiyo nilichuja upya nionyeshwe zilizokataliwa tu, na baada ya muda mfupi akatokea, mikono juu, khanga ikipepea. Mama akainyamazia muda mrefu. “Hiyo usiitoe,” akasema. Nimeipa nyota tano, na usiku huu nitazipitia zote nilizozikataa nikiwa na macho mengine.

Saa 1:00 usiku ninaanza kutoa picha 413 katika JPEG: seti moja ya upande mrefu wa pikseli 2,048 kwa kutumiana kwenye simu, na nyingine ya ukubwa kamili kwa ajili ya kuchapisha kwenye karatasi. Kompyuta inafanya kazi hiyo polepole. Wiki ijayo nina sendofu Iringa, nayo nitaihariri humu humu. Ninachomoa diski ya nje, ninaitia mkobani, na kuiacha mashine ikiendelea.