Tundu la Milimita 1.3

Bunduki yangu ya kupulizia rangi niliipenda kuliko kifaa kingine chochote nilichokuwa nacho. Tundu la nozeli yake lilikuwa milimita 1.3, na nilikuwa nimeitumia kupaka rangi magari mengi kwa miaka kadhaa, ukungu wake ukitua laini bila chozi hata moja. Basi nilipoletewa boti ya faibaglasi iliyochubuka ubavuni karibu na omo, yaani mbele ya boti, pahali pasipozidi kiganja cha mkono, sikujiuliza nitumie kifaa gani. Nilijiuliza tu nitaipitishaje jelikoti, lile gamba la nje la boti, kwenye tundu lile.

Hapo ndipo nilipopotea.

Jelikoti si rangi. Ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga wa rangi, nzito kama maziwa ya mgando, na imetengenezwa makusudi isichuruzike ikipakwa ubavuni. Haikauki kwa thina kuruka hewani kama rangi nyingine. Inaganda kwa hadina, yaani kemikali ya kugandisha. Haya niliyajua kwa maneno, ila mkono wangu ulikuwa bado mkono wa rangi ya gari, na rangi ya gari ikiwa nzito unaitia thina. Mimi nikaitia asetoni. Nikaongeza. Ikawa maji, ikapita kwenye tundu, na lile kovu likapotea kwenye mng'ao mzuri kiasi kwamba niliita watu waje waone.

Asubuhi yake nilibonyeza ukucha. Ukaacha alama kama mwezi mwandamo. Juu palinata, na nilipopitisha msasa namba 400 ulijaa utando, na chini ya utando vikajitokeza vitobo, vingi, kama mtu aliyedungadunga pale kwa sindano.

Pale kazini tulikuwa na fundi mmoja aliyezeekea kwenye boti. Alipita, akainama, akapitisha kidole.

"Mwanangu, humu umetia nini?"

"Asetoni kidogo, Mzee."

"Kidogo kiasi gani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimepima.

"Asetoni haigandi," akasema. "Jelikoti inafunga, asetoni bado imo ndani inatafuta pa kutokea. Hivyo vitobo ndiyo milango yake." Kisha akanionyesha makosa mengine mawili. Nilikuwa nimepaka tabaka jembamba mno, na jelikoti ikiwa nyembamba mno haipati nguvu ya kuganda sawasawa. Tena sikuwa nimeifunika, ilhali jelikoti ya kawaida isiyo na nta hubaki inanata juu maadamu inaguswa na hewa.

Nilikwangua kazi yote hadi kwenye faibaglasi. Nusu siku nzima, na iliniuma.

Nilipomaliza, Mzee alikuwa ameniwekea vifaa vitatu juu ya meza. Hakuniambia nichague kipi.

Cha kwanza kilikuwa bunduki ya kikombe. Ni kifaa sahili mno: unachomeka kikombe cha karatasi, hewa inaivuta jelikoti ikiwa nzito vilevile ilivyo, inatoka kwenye tundu pana la milimita 3 au zaidi, na kazi ikiisha kikombe unakitupa. Nilijaribu kwenye kipande cha boksi. Matone yalitoka manene na yakatawanyika mbali. Kwa ubavu mzima ningeibusu. Kwa kiganja kimoja ningelazimika kufunika karatasi mita nzima kila upande, kisha nisage kilima kwa msasa.

Cha pili kilifanana na bunduki yangu, ila nozeli yake ilikuwa milimita 2.5. Hiki kilinivutia sana. Lakini kompresa yetu ndogo ilikuwa na tangi la lita 24, na bunduki ile ilikuwa na kiu ya hewa. Sekunde chache tu mshale wa presha ukaanguka, ikaanza kutema mabonge. Halafu kuna usafi: sindano, nozeli na kofia ya hewa vyote vioshwe kwa asetoni kabla jelikoti haijaganda, nayo ikishatiwa hadina inakupa dakika 15 hivi, ukiwa na bahati 20. Ikikugandia humo ndani, bunduki umeizika.

Cha tatu nilikidharau. Kijichupa cha kioo chenye mtungi mdogo wa gesi juu yake. Hakina mpira wa hewa, hakina kompresa, hata cha kurekebisha upana wa ukungu hakuna.

"Pahali penyewe pakubwa kiasi gani?" Mzee akauliza.

Nikainua kiganja.

Kijichupa nacho hakipitishi jelikoti nzito, hilo ni kweli. Tofauti ni kile tulichoilegeza nacho: si asetoni, bali kilegezo maalumu chenye resini ndani yake, ambacho huganda pamoja na jelikoti yenyewe. Tulichanganya nusu kwa nusu, gramu 50 kwa 50, juu ya mizani. Hadina gramu 2, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hapo Mzee alinisimamisha nivae miwani kwanza, na namshukuru hadi leo, kwani tone moja la hadina jichoni laweza kukuachia upofu. Barakoa yenye vichujio vya mvuke nilikuwa nimeshaivaa.

Nikapuliza kwa mipigo mifupi, maana mtungi ukibonyezwa mfululizo unapoa na ukungu unalegea. Mpigo, pumzi, mpigo. Tabaka la kwanza likatulia dakika chache, nikarudia, nikarudia tena, kila tabaka likivuka kidogo ukingo wa lililotangulia. Kila mara Mzee alichomeka pembeni kitana cha kupimia unene. Aliposoma milimita 0.6 akasema, "Acha." Bado nilitamani kuongeza. Nikaacha. Ilipoanza kukamata tukapuliza juu yake utando wa kufungia hewa, ule unaooshwa kwa maji.

Mabaki ya mchanganyiko tuliyaacha kwenye kikombe chake, kivulini, kando ya boti.

Asubuhi nilifika kabla ya watu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ubavu, nikanyoosha kidole, nikakirudisha. Nikakiendea kikombe kwanza. Nilibonyeza ukucha kwa nguvu zangu zote. Ukateleza. Nikauosha ule utando kwa maji, nikabonyeza na pale ubavuni. Ukucha ukateleza vilevile. Mzee alipoingia alinikuta nimeshalowesha msasa namba 600.