Dakika 90 za Jukwaani

Mashabiki huniona jukwaani kwa dakika 90, lakini saa nyingine zote za siku hiyo huishia ndani ya basi, katika kupakia na kupakua spika, na katika kungoja. Gitaa nalo huchoshwa na safari: likitolewa kwenye baridi ya buti na kuingizwa ukumbini penye joto la taa, nyuzi zake za chuma hutanuka na sauti hushuka, hivyo huliacha litulie kwanza kabla ya kulirekebisha. Kinachonitia hofu zaidi ni masikio, kwa kuwa seli za sikio la ndani zikishauawa na kelele hazioti tena. Navaa vizibo kila onyesho, hata mazoezini. Usiku wa manane, mlio mwembamba ukiwa bado kichwani, humpigia mke wangu simu, naye huisogeza karibu na mtoto nimsikie akipumua usingizini.