Inveta inalia na kuzima? Pima waya kwanza kabla hujanunua nyingine

Kila nikikutana na mtu anayeishi kwenye gari au kwenye kibanda kisicho na umeme wa gridi, swali la kwanza ni lile lile, inveta yako ya wati ngapi? Ukijibu 1000 unaona kabisa anakuonea huruma maana yeye anayo ya 2000 au 3000. Mimi nimekaa na sola na betri muda mrefu sasa, kwanza kwenye gari alafu kwenye kibanda, na nasema kutoka moyoni wati zilizoandikwa kwenye boksi ndo kitu cha mwisho kuangalia. Inveta haizalishi umeme jamani, inachukua ule wa betri wa volti 12 inaugeuza kuwa 230, basi. Kama betri haiwezi kutoa au waya hauwezi kupitisha, hata ufunge ya wati 5000 utaishia kusikia alamu tu.

Kuna jamaa aliegesha gari jirani yangu, kila akiwasha birika la umeme inveta inalia piiii alafu inazima, na alishaamua ni mbovu anataka kubwa zaidi. Nikamwambia subiri tupime. Akawasha birika, nikaweka multimita (kipimo cha umeme) kwenye teminali za betri ikasoma volti 11.9, siyo mbaya kwa betri iliyobeba mzigo mzito. Nikahamia kwenye teminali za inveta yenyewe, 10.7. Yani volti 1.2 zimepotelea njiani, na inveta ikiona volti zimeshuka hivyo ndo inalia na kuzima! Betri iko nyuma, inveta kaifunga mbele karibu na kiti, na katikati kapitisha waya wa milimita za mraba 10, mita tatu kwenda na tatu kurudi, ukiushika una joto, na pale ulipofungiwa kwenye inveta ndo usiguse kabisa. Piga hesabu: birika la wati 1000 kwa volti 12 ni ampea 83, ongeza na zile ambazo inveta inakula yenyewe wakati wa kugeuza unakaribia 100. Ampea 100 mara volti 1.2 ni wati 120 zinazogeuka kuwa joto humo kwenye waya na kwenye maungio, ndani ya gari lenye mbao na magodoro. Hiyo ndo inanitisha, siyo birika kutochemka.

Tulihamisha inveta ikakaa nusu mita tu kutoka kwenye betri, tukaweka waya mpya wa milimita za mraba 50, fyuzi karibu kabisa na teminali chanya ya betri (fyuzi kazi yake ni kulinda waya, ndo maana inakaa upande wa betri na siyo huko kwenye inveta), na ule umbali wa kufika mbele tukaupitisha upande wa volti 230 ambako wati zile zile 1000 ni ampea nne na kidogo. Inveta ni ile ile, haizimi tena.

Wenye betri za lithiamu nao waangalie BMS, ile saketi ya ndani ya betri inayoilinda. Betri nyingi za ampea-saa 100 (ndo kipimo cha umeme betri inaoweka) zinaruhusu kuvuta ampea 100 hivi, sasa ukiifungia moja kwa inveta ya wati 2000 na ukaitumia yote, BMS inakata umeme na wewe unabaki unalaumu inveta.

Kitu kingine ambacho watu hawakihesabu ni kile inveta inachokula ikiwa imewashwa tu bila kuchomekwa chochote. Nimeshapima kubwa moja inavuta ampea 1.2 ikiwa haina kazi. Iache usiku mzima, masaa 12, ni zaidi ya ampea-saa 14, na kama una betri ya asidi ya 100 ambayo kwa kweli unatakiwa utumie nusu yake tu, karibu theluthi ya akiba yako imeondoka umelala. Kwa hiyo kwangu taa, feni, pampu ya maji na chaja za simu vyote viko moja kwa moja kwenye volti 12, hata laptopu ina chaja yake ya kuchomeka kwenye 12, na inveta naiwasha ninapoihitaji alafu nazima. Usiitegemee kukulindia betri pia, nyingi zinakata zikifika kama 10.5, na betri ya asidi ukiishusha huko mara kwa mara unaiua.

Aina ya wimbi sitaongea sana, chukua pyua saini wevu, yani inayotoa wimbi laini kama la umeme wa gridi, kama una kitu chenye mota. Zile za bei rahisi zisizo na wimbi hilo zinawasha taa na kuchaji simu, ila feni inaunguruma na mota inapata joto kuliko kawaida. Friji nayo ina tabia yake, kompresa ya wati 100 inaweza kutaka mara tano au zaidi kwa ule muda mfupi inapoanza kuzunguka, hapo ndo angalia inveta inahimili wati ngapi za ghafla. Na tafadhali usichomeke kitu kizito kwenye inveta ya soketi ya kiberiti cha gari, fyuzi yake mara nyingi ni ampea 10 mpaka 20, tosheka na wati 120 hivi.

Sasa hivi nafikiria kuhamia volti 24, maana mzigo ule ule utavuta nusu ya ampea na nyaya zinakuwa nyembamba. Ila vifaa vyangu karibu vyote ni vya 12, itabidi niweke konvata ya kushusha kutoka 24, na hiyo nayo inakula chake ikiwa imewashwa muda wote. Bado napiga hesabu, aliyeshahama aniambie konvata yake inavuta ampea ngapi ikiwa haina mzigo.