Dadu mbili za ludo na mwiko: ninavyowafundisha watoto mchezo wa wahusika Kisumu

Mchezo huu hauna ubao wala bingwa. Msimulizi anaeleza mahali na hatari iliyopo, kila mtoto ana mhusika wake, naye anasema mhusika huyo anafanya nini. Ule ulioanzisha aina hii, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, na kanuni zake leo zinajaza vitabu vinene. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kitabu. Nimepunguza mpaka kanuni zote zikaenea kwenye nusu karatasi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa dadu. Mchezo huo hutumia dadu ya pande 20, na katika maduka ya mtaani utapata za ludo tu. Nilijaribu vifuniko vya soda: 20, kila kimoja na namba yake, ndani ya mfuko wa kitambaa. Vinafaa, ila vina mitego miwili. Kifuniko kilichopindwa na opena hutambulika kwa kidole. Kikiwa ndicho chenye 20, watoto watakijua upesi sana. Halafu ukisahau kukirudisha kilichotolewa, hesabu yote inahama, na anayevuta mwisho anaachiwa makapi. Nikahamia dadu mbili za ludo, na hapo ndipo nilipotulia.

Dadu mbili zina matokeo 36, na jumla ya 7 ndiyo hutokea mara nyingi zaidi, mara 6 kati ya hizo. Kwa hiyo ninatumia viwango vitatu: jambo rahisi linahitaji 6 au zaidi (nafasi 26 kati ya 36), la kawaida 8 (15 kati ya 36), gumu 10 (6 kati ya 36). Mhusika ana sifa tatu, Nguvu, Wepesi na Akili, na mtoto anazigawia +2, +1 na 0 apendavyo, namba inayoongezwa kwenye jumla ya dadu. Mwenye +2 akijaribu jambo la kawaida, nafasi yake inapanda kutoka 15 hadi 26. Usimpe mtu +3. Kwa +3 jambo hilohilo linafaulu mara 30 kati ya 36. Wenzake wanamwachia yeye kila kazi na wanaanza kuchezea viatu.

Kadi ninakata kutoka kwa karatasi ya manila, ukubwa wa kiganja. Inabeba jina la mhusika, sifa tatu, kitu kimoja anachokibeba na jambo moja analoliogopa. Hilo la mwisho msilipuuze, maana mtoto aliyeandika “ninaogopa mbwa” amekwisha kukutungia kisa cha wiki ijayo. Uhai ni maharagwe matano mbele ya kila mchezaji. Pigo moja, harage moja. Njugu hazifai, huliwa kabla ya pambano. Maharagwe yakiisha mhusika hafi, anazirai, na mwenzake akitumia zamu yake kumwamsha anarudi na mawili. Kufa kunamtoa mtoto mezani kwa nusu saa, na mtoto aliyetolewa huvuruga meza.

Wanaoanza kusimulia hukosea zaidi kwa kurushisha dadu kila mara. Kabla ya kurusha, jiulize kama akikosa kutakuwa na jambo la kusimulia. Kama hakuna, mwache afaulu, mambo yaende. Na akikosa, usiseme “imeshindikana” ukanyamaza. Mlango unafunguka, lakini bawaba zinalia na mbwa wanaamka. Kukosa kukizaa tatizo jipya, watoto hawalii. Kukizaa ukimya, wanataka kurusha tena, na tena.

Dadu zirushwe ndani ya sinia iliyotandikwa leso. Ikiruka nje, inarushwa upya, na kanuni hiyo itajwe kabla ya mrusho wa kwanza, la sivyo kila 2 itadaiwa kuwa “imeguswa”.

Meza yangu ni ya watoto watano. Wakiwa wanane au kumi ninawaunganisha wawili kwa mhusika mmoja: mmoja anasema, mwingine anarusha, na wanabadilishana kila tukio jipya linapoanza. Msemaji ndiye anayeshika mwiko wa ugali, nao unapita kuelekea kushoto. Kuongea bila mwiko ni mwiko. Kadi imeandikwa Kiswahili, lakini maneno ya mhusika yaje kwa Kidholuo, Sheng au chochote kinachomtoka mtoto haraka. Ukimsahihisha lugha katikati ya pambano anarudi kuwa mwanafunzi. Aliyekwama kwa swali “unafanya nini?” mpe njia mbili, kisha uongeze: “au jambo lako mwenyewe.” Na kupigana na mwenzako wa mezani hakuruhusiwi, hata kwa dadu.

Kwa kisa cha kwanza ninachukua ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Hadithi inajulikana: bibi kizee anafika kijijini kukiwa na sherehe, ananyimwa makao, mvua inanyesha na kijiji kinazama. Ubaya wake ni huohuo, kwamba inajulikana. Ukianza na bibi mlangoni, watoto watamkaribisha mara moja na kisa kimekwisha kwa dakika tano. Ninaanzia pale ambapo bibi ameshaondoka na matone ya kwanza yanaanguka. Kazi ni kuwatoa watu: kuwashawishi walevi wa sherehe (Akili, gumu), kumbeba mzee asiyetembea (Nguvu, kawaida), kuvuka njia iliyojaa maji (Wepesi, kawaida). Kila mtu akishacheza zamu moja, ninachora mstari mmoja wa maji kwa chaki. Mstari wa sita, kijiji kimezama na waliobaki wamebaki. Bila mistari hiyo, walevi hubembelezwa mpaka kengele.

Dakika 40 zinatosha. Tano za mwisho kila mtoto anaandika nyuma ya kadi alichokipata na alichokipoteza, kisha ninazikusanya zote. Kadi ikilala nyumbani hurudi na +5.