Hatuna nafasi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri, na sio mbu wala joto, ni neno nililolitamka mwenyewe jumapili jioni na mpaka leo limenikaa kooni.

Mtoto wa dada yangu alikuja toka Ukerewe, kashuka meli ya Nansio akapanda kwa miguu mpaka huku kwetu Igogo hapa Mwanza, wanaopajua wanaujua ule mlima, mawe matupu, nyumba imekaa juu ya nyumba, kupita mpaka ujibane ubavu. Kafika anahema na kibegi chake, hodi, shikamoo mjomba, nimekuja kutafuta kazi kule Mwaloni kwenye dagaa, naomba nijishikize hata wiki mbili. Nikamjibu palepale mlangoni, mwanangu hatuna nafasi. Hata karibu ndani sikumwambia. Akasema sawa mjomba, akashuka, na giza lilishaingia.

Kiswahili chetu kina hapo na kina humu. Yule kijana nilimwishia kwenye hapo, humu sikumfikisha.

Usiku nikakumbuka kitu tulifundishwa chuoni kwenye falsafa. Newton, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliiona nafasi kama sanduku kubwa, lipo tu hata ukitoa kila kitu ndani yake. Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, akabisha, kwenye barua alizoandikiana na Clarke mtetezi wa Newton mwaka 1715 na 1716, akasema hakuna sanduku, nafasi ni vile vitu vilivyokaa kimoja kwa kingine. Wasomi waendelee nayo huko, ila mimi ilinichoma, maana nilikuwa nimeipima sebule yangu kama sanduku, futi kumi kwa kumi na mbili, limejaa, basi. Sikujiuliza kilichojaa ni nini, wala yule aliyesimama mlangoni ni nani kwangu.

Kilichojaa ni makochi ya watu saba na kabati la vioo, na vyote nilinunua kwa ajili ya wageni. Wageni wapendwa! Vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai vina nafasi, damu yangu haina.

Na mimi nimelelewa na huyohuyo dada. Kule kijijini tulikuwa tunalala watoto sita mkeka mmoja, akija mgeni usiku dada alikuwa anasema neno moja tu, sogeeni. Hakuna aliyeongeza chumba, hakuna aliyebomoa ukuta, tunasogea, mgongo kwa mgongo, na mgeni analala. Nimekula na kusoma kwa sogeeni ya yule mama, leo mwanae kaja kwangu namwambia habari za futi.

Isaka kule Gerari alichimba kisima wakakigombania, akachimba cha pili wakakigombania, cha tatu kiliposhindwa kuleta ugomvi ndo akakiita Rehobothi, akasema sasa Bwana ametupa nafasi. Mimi hapo naona nafasi ilianza pale watu walipoacha kugombania. Na ile Luka 2:7, Mariamu anamlaza Yesu horini kwa kukosa nafasi, kila krismasi tunaisoma tunamlaumu mwenye nyumba ya wageni, jamani, mwaka huu mimi siwezi kuisoma kwa sauti.

Na niwaambie na nyie maana nawapenda, tuache hii tabia ya kuja ibadani mapema tunaweka pochi na mtandio kwenye viti vitatu, mgeni kafika anaambiwa hapo pana mtu, kumbe hapana mtu, pana pochi. Anasimama nje kwenye jua na sisi ndani tunaimba karibu Roho. Ondoa pochi mama yangu, wewe baba kunja miguu, sogea. Wengine wanatafuta kiti kimoja tu wakae karibu na mtu mwenye pumzi, wiki nzima hakuna aliyewagusa hata bega.

Jumanne nilimpigia hakupokea. Jumatano nikampigia dada, nikamweleza yote nikaomba msamaha, akanyamaza muda mrefu halafu akasema, kijana alilala mwaloni kwenye magunia, asubuhi akarudi. Akampa simu. Nikamwambia mjomba wako amekosa, njoo. Amesema atakuja jumamosi na meli ya mchana.

Kabati tumeshalitoa jana na mama watoto, tumempa jirani. Mniombee nisichelewe kule bandarini, nataka anikute nimesimama.