Siku moja maishani mwangu: mkulima wa Stardew Valley, vuli tarehe 24

Wengine wanaweka siku zao za ofisini, mi naweka ya shamba. Shamba lenyewe liko ndani ya kompyuta ila uchovu ni wa kweli kabisa, msinicheke. Kwa ambao hawajawahi kuigusa Stardew Valley, gemu la kulima shamba, siku inaanza saa 12 asubuhi inaisha saa 8 usiku, na kila dakika 10 za kule ni kama sekunde 7 za huku, kwa hiyo siku nzima inakatika ndani ya dakika 14 hivi. Hii ya leo ilinila karibu lisaa limoja, kwa sababu ukifungua menyu saa inasimama, na leo nimefungua menyu sana, mara nyingine ili nikae tu niitazame.

Mwaka wa kwanza, msimu wa vuli, Jumatano.

Saa 12:00 asubuhi

Naamka. Kitu cha kwanza ni TV, hali ya hewa kwanza, halafu yule mama wa bahati anayekwambia mizimu leo imeamkaje. Mizimu imefurahi, safi. Mvua hakuna, hiyo sio safi, maana mvua ikinyesha hushiki kopo la kumwagilia, na mi sprinkla nilizonazo ni zile za mwanzo zinazomwagilia miche minne tu pembeni yake. Jumatano kipindi cha mapishi ni marudio, nikaruka.

Mbwa yuko mlangoni. Namjazia bakuli maji, nampapasa, kimoyo kinatoka kichwani mwake. Huyu angalau ananipenda bila masharti.

Saa 12:40

Kumwagilia. Sina la kusema, ni kumwagilia tu, mche mmoja mmoja, kopo likiisha unarudi bwawani unajaza unaendelea. Ukianza siku una nguvu 270 na unaweza ukamaliza nusu hapa hapa kabla hujafanya kitu chochote cha maana, ndo maana watu wakisema hili gemu ni la kupumzisha akili huwa nawaangalia tu.

Saa 2:10

Mavuno! Kranberi zangu zinazaa kila baada ya siku 5 na leo ndo siku yake. Miche 24, kila mmoja unatoa mbili, jumla 48, na kila moja ni g 75 (g ni dhahabu, hela ya kule). Piga hesabu. Nikazitupa zote kwenye boksi la mauzo, yule mzee meya anapitia usiku, hela inaingia ukiwa umelala. Maboga bado siku 3. Kuku nimewapapasa mmoja mmoja, ukiwaruka wananuna kweli kweli na mayai yanakuwa madogo.

Hapa nilikuwa najisikia tajiri, na tajiri anafikiria mbegu. Hesabu yangu ilikuwa hivi, bok choy (kabichi ya Kichina) inakaa siku 4 tu, msimu una siku 28, nikipanda leo tarehe 24 navuna tarehe 28 siku ya mwisho kabisa. Nikichelewa siku moja tu theluji inaingia na kila kitu kinakufa shambani. Kwa hiyo ni leo au basi. Nikashika njia ya mjini mbio.

Saa 3:00 kamili

Nimefika dukani kwa Pierre. Mlango umefungwa.

Jumatano!!! Pierre hafungui Jumatano. Nalijua hilo, kila mtu anayecheza analijua, na kila mtu keshasimama mbele ya huo mlango kama mjinga angalau mara kumi. Kuna JojaMart ng'ambo ya mto ila kule mbegu ya bok choy ni g 62 badala ya 50, na bok choy yenyewe unaiuza 80. Faida ya 18 kwa mche halafu umwagilie siku nne mfululizo? Hapana. Halafu pia kuna kiburi, mhusika wetu kwenye hadithi aliacha kazi kwenye hiyo hiyo kampuni ya Joja akaja kulima shamba la babu yake, sasa nirudi kuwapelekea hela, nimerogwa?

Basi nimesimama pale sina kazi, nikafungua kalenda iliyo ukutani pembeni ya mlango, kusogeza sogeza macho tu. Tarehe 24. Sura ya mzee George.

Birthday yake ni leo.

Ngoja niwaeleze huyu George. Ni mzee wa kiti cha magurudumu, anakaa River Road na mkewe Evelyn ambaye mji mzima unamwita bibi, na mjukuu wao Alex. George ana maneno makali, ukimsalimia anakujibu kama umemdai. Mwanzoni nilikuwa nampita. Halafu siku moja nikashuhudia kile kipande cha Penny, binti wa pale mjini, George yuko nje anahangaika kufikia barua kwenye boksi lake, mkono haufiki, Penny akaja akamsogeza akamsaidia, na mzee badala ya kushukuru akawaka. Amewaka kwa aibu, unaona kabisa. Toka siku ile sina hasira naye tena. Nikaanza kumsalimia kila nikimkuta, pointi 20 za urafiki kwa siku, na kwa mwendo huo wa kinyonga nikajenga moyo mmoja. Moyo mmoja ni pointi 250.

Sasa zawadi ya birthday inazidishwa mara 8. Kitu anachokipenda kabisa ni pointi 80, mara 8 ni 640, mioyo miwili na ushee kwa mkupuo. Na George anapenda vitu viwili, uyoga wa kukaanga na liki (mboga ya jamii ya kitunguu). Liki inaota porini msimu wa machipuko. Sasa hivi ni vuli.

Saa 4:10

Nimerudi shambani nafungua masanduku. Liki zangu niliziuza zote kipindi kile kwa g 60 kila moja, nilikuwa na njaa ya hela, mnanielewa. Ila nakumbuka nilibakiza moja kwa ajili ya lile fungu la vitu vya porini kule Community Center, jengo bovu la mji unalolifufua kwa kupeleka vitu mafungu mafungu. Sanduku la kwanza mawe. La pili mbao, nyuzi, utomvu, jino la sijui nini. La tatu ndo nikaiona, imekaa kati ya makaa na mbegu za mti wa msonobari, kijani kabisa, toka machipuko haijaoza wala kunyauka. Hiki ndo kitu kimoja napenda kwenye ulimwengu ule, chakula kinakusubiri.

Fungu litasubiri machipuko mengine. Liki mfukoni, nikaondoka.

Saa 5:30

Hapa ndo pa kujilaumu. Nyumba ya George iko jirani na mto na mi fimbo ya kuvulia ninayo. Nikasema nirushe mara mbili tu, samaki wa haraka haraka, mzee yupo haendi kokote. Ndoano ikavuta. Hakuna ule mchezo wa kukimbizana na kisamaki kwenye mstari wa kijani, kimekuja chenyewe, na ukiona hivyo ujue ni takataka. Gazeti lililolowa maji.

Likaingia mfukoni kwenye nafasi iliyokuwa wazi, na nafasi hiyo ilikuwa jirani kabisa na liki.

Mshaanza kuona.

Saa 6:20 mchana

Naingia. Mzee yuko na TV yake kama kawaida. Nimeshika bado fimbo, nikazungusha kitufe kuhamia kwenye liki, nikapitiliza nafasi moja, sikutazama, nikabonyeza.

Nimempa mzee wa kiti cha magurudumu gazeti bovu lililotoka mtoni, siku ya birthday yake, ndani ya nyumba yake.

Sikuandika alichojibu, nilikuwa nimeziba mdomo. Kitu kinachochukiwa ni hasi 40. Na ile mara 8 ya birthday haichagui, inazidisha uzuri na inazidisha ubaya. Hasi 320. Nikafungua menyu ya mahusiano, moyo wangu mmoja niliouokota kwa salamu msimu mzima haupo. Na zawadi ni moja kwa siku, huwezi kusema samahani mzee shika na hii. Nimebaki na liki mkononi mbele yake, TV inaendelea.

Saa 6:40

Nikatulia. Hili gemu halisevu mpaka ulale, kwa hiyo dawa ninayo. Nikizima bila kulala, nikiwasha tena ni saa 12 asubuhi ya tarehe 24, gazeti bado liko mtoni. Wote tunafanya, na anayesema hajawahi anadanganya. Kuna jamaa mmoja, Eric Barone, alilitengeneza hili gemu peke yake, michoro muziki maneno kila kitu, miaka minne na zaidi mpaka likatoka 2016, na mi huwa najiuliza hiyo ya kusevu kitandani tu aliiweka makusudi ili sisi wenye haraka tuponee hapo au vipi.

Ila nikasema kwa kuwa siku yenyewe nishaitupa, ngoja nikajifurahishe nayo kwanza.

Saa 8:00 mchana mpaka saa 5 usiku

Mgodini. Jamani, sijawahi kucheza mgodi kwa raha kama leo. Siku zote mi naenda kwa woga, nikibaki na afya nusu napanda lifti, maana ukizimia mle ndani unapoteza hela na vitu. Leo sina cha kupoteza, siku hii haipo! Nikashuka levo 85 na upanga wangu, nakula jibini zote nilizokuwa nimetunza kwa ajili ya kuwapa watu, nalipua mabomu hovyo, ngazi ikitokea nashuka, levo 88, 90, 93, popo wa moto wananifuata nyuma na mi nacheka mwenyewe.

Levo ya 94 adui mmoja nimempiga akapotea, pakabaki kitu chini. Nilidhani makaa. Nikapita juu yake.

Dwarf Scroll IV.

Nilisimamisha gemu. Nikainuka kwenye kiti nikazunguka chumba nikarudi.

Kwa ambao hamjui, kuna kiumbe mmoja anaitwa Dwarf anakaa pale pale mwanzo wa mgodi nyuma ya jiwe kubwa. Ukimsogelea anaongea alama alama, huelewi hata neno. Ili uelewe lugha yake unatakiwa upeleke makumbusho karatasi zake nne za kale, I, II, III na IV. Mi nilikuwa nazo tatu toka kiangazi. Hii ya nne inadondoka mara chache sana, nimeshuka mle siku ngapi, nimevunja mawe mangapi. Na imekuja leo. Siku ambayo nimeshaamua kuifuta.

Nikiwasha upya, mgodi unapangwa upya, maadui wapya, hakuna wa kunihakikishia kwamba nitaiona tena. Liki itakuwepo sandukuni, George atakuwepo kwenye TV yake, lakini karatasi haitakuwepo. Nikiilinda karatasi, George atakuwa amepewa gazeti milele.

Saa 12 jioni Gunther, mtunza makumbusho, alikuwa keshafunga, kwa hiyo hata kuipeleka kwanza nione raha yake haiwezekani.

Saa 7:30 usiku

Nimerudi nyumbani nakimbia, kichwa cha yule mhusika kinasinzia mwenyewe. Nimesimama pembeni ya kitanda. Ukifika saa 8 bila kulala unaanguka na asubuhi umeamka mchovu, kwa hiyo nina kama sekunde 20 za kuamua, nikafungua menyu saa ikasimama.

Nikaitazama kurasa ya mahusiano. George, mioyo yote mitupu. Chini kabisa kwenye orodha jina la Dwarf halipo hata, kwa sababu hatujawahi kuongea.

Nilipiga hesabu nyingine. Mwaka ule una siku 112, kwa dakika 14 kila siku ni kama masaa 26 ya kucheza mpaka birthday ya George irudi. Masaa 26 ya kumuona yule mzee nikijua kilichotokea. Upande wa pili, kesho ni Alhamisi, Gunther anafungua asubuhi, mchana naweza kuwa mgodini naongea na kiumbe ambaye toka nimehamia hakuna aliyenitafsiria hata salamu yake.

Nikafunga menyu, nikaingia kitandani, nikabonyeza ndiyo.

Skrini ya mauzo ikaja, kranberi 48, g 3,600. Siku imesevu.

Liki sikuirudisha sandukuni. Wiki moja unaruhusiwa zawadi mbili na birthday haiko kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo kesho nikishatoka makumbusho napita River Road. Itakuwa pointi 80 tu. Na fimbo ya kuvulia inabaki nyumbani.