Usiku Mama Aliporina Asali

Kwetu Sagalla, karibu na mji wa Voi nchini Kenya, asali ilikuwa ya wanaume. Mzinga ulikuwa gogo lililochimbwa ndani, likapandishwa kwa kamba hadi kwenye matawi ya mbuyu au mgunga, na aliyepanda kulifuata ndiye aliyejua limetoa kiasi gani na limeuzwa wapi. Mama alipata masega yaliyokwisha kukamuliwa. Aliyatafuna, akatema nta.

Kwa hiyo jioni ile ya mwaka 2014, alipotoka nyumbani amevaa ovaroli nyeupe iliyomzidi kimo na kofia yenye wavu, majirani walikuja mmoja mmoja wakasimama mbali kidogo na ua wetu wa mizinga. Mimi nilibeba ndoo. Baba mdogo, aliyekuwa mrinaji hodari tangu ujana wake, alikuja pia.

Shamba letu liko Sagalla ya chini, chini ya mlima, upande wa hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mahindi na pojo vikikaribia kukomaa, ndovu huja. Anayekesha ni mama wa nyumbani, hasa akiwa mjane kama mama yangu alivyokuwa: moto mlangoni, debe mkononi, watoto wamelala na viatu miguuni. Miaka miwili kabla ya jioni hiyo, ndovu sita waliingia saa nane usiku. Mama alipiga sufuria hadi ikatoboka. Asubuhi tuliokota mahindi yaliyovunjikavunjika, hayakujaza hata kikapu kimoja. Fomu ya fidia tuliijaza, tukaipeleka, tukangoja hadi tukaacha kuulizia.

Nimesikia watu wengi wakisema ndovu lazima alindwe, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini mazungumzo hayo yaanze kwa huyo anayekesha na debe. Kwake yeye ndovu ni chakula cha mwaka mzima kilichokanyagwa usiku mmoja, na mtu asiponielewa hapo hatanielewa kwingine.

Ua wa nyuki, yaani uzio wa mizinga, ulianza kujaribiwa Sagalla mwaka 2009 na Lucy King, mtafiti wa shirika la Save the Elephants. Alikuwa ameona kwamba familia ya ndovu ikisikia tu sauti ya nyuki waliochokozwa, hata ikitoka kwenye kipaza sauti, huondoka mbio. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki humchoma kando ya macho na ndani ya mkonga. Mizinga inatundikwa kuzunguka shamba, nafasi ya mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, wa kweli ukifuatwa na ubao mtupu wa kumhadaa ndovu, na vyote vinaunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya gizani, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Si kila ndovu anayerudi nyuma, wala nyuki hawakai siku zote. Ukame wa mwaka 2017 uliacha mizinga mingi mitupu na ikachukua miaka kujaa tena. Hata hivyo ndovu wengi hugeuka, na hilo limepimwa shambani kwa miaka mingi.

Mzinga wa namna hiyo unaning'inia kimo cha kifua cha mtu mzima. Siku walipotundika wa kwanza kwetu, mama aliuwekea kiganja juu, akasema, "Huu naufikia."

Sasa, jioni ile ya kurina, giza lilikuwa limeingia. Baba mdogo akasogea. "Shemeji, niachie mimi. Nyuki hawajazoea mwanamke."

"Shemeji," mama akamjibu kwa upole, "nishikie tochi."

Akaishika. Tulikuwa tumeifunga nailoni nyekundu, maana nyuki hawaoni rangi hiyo. Mama akawasha mavi makavu ya ng'ombe ndani ya bomba la moshi, akapuliza mlangoni mwa mzinga, akangoja, akapuliza tena. Alipofungua kifuniko, mlio ule ulipanda nikausikia kwenye meno. Alichomwa kifundoni, mahali glavu ilipoachana na mkono, na mara harufu kama ya ndizi mbivu ikatupata. Ndiyo harufu ya nyuki wakiitana. Hakuutoa mkono. Alitoa sega moja moja, akachukua yale tu yaliyofunikwa nta, mengine akayarudisha. "Hayo ni chakula chao," alisema, akiwa ananiambia mimi au baba mdogo, sikujua.

Mizinga mitatu tu ndiyo iliyokuwa na asali ya kutosha. Ndoo haikujaa, lakini nilipoinyanyua kamba yake ilinikata vidole. Baba mdogo akanyoosha mkono kuipokea, kwa mazoea tu, nadhani. Asali siku zote ilikuwa ikienda kwake, naye ndiye aliyewajua wanunuzi wa Voi.

"Hii inalala kwangu," mama akasema. "Kesho nitaipima na wenzangu wa chama."

Hakuna aliyesema neno. Tulirudi hadi mbele ya nyumba, majirani nyuma yetu. Mama akafunua wavu, mkono umeshaanza kuvimba. Akachagua sega lililonona, asali ikiwa bado na joto la mzinga, akalikata akala yeye kwanza, amesimama, macho ameyafumba. Halafu akakata kipande kingine, akampa baba mdogo.